Kidari cha Mke wa Eliakim

Mkuu, Rombo
11 Juni 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo! Shikamoo tena, kwa sababu hii ni shikamoo yangu ya kwanza kwako nikiwa mke wa mtu! Nilikupigia simu Jumapili nikakusikia unapiga kelele, "Haloo! Nani? Maharage yameisha, njoo Jumanne!" halafu ukakata. Eliakim alicheka mpaka akakaa chini. Basi nimeamua, kwa kuwa masikio yako yamegoma, nitakuandikia, na Fredy wa Fuso atakuletea huko Tarakea kila akija kubeba mzigo.

Shangazi, nina furaha mpaka naogopa. Asubuhi wingu likiondoka tunaiona Mawenzi nzima kutoka mlangoni, kahawa ziko hapa, migomba iko pale, na mume wangu yuko katikati yake kama mtu aliyechorwa. Kabla hajapanda mlimani kuwaongoza wageni wake watalii ananishika mashavu kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayeshika bakuli la uji wa moto. Na mimi nabaki nimesimama hapo hapo hata baada ya gari kuondoka.

Mama mkwe, Mama Margareta, ananidekeza kupita kiasi. Haniachi niguse moto wa jikoni kwake. Nikiinama kuchochea ananinyang'anya kuni, anasema nipumzike. Ana kikombe kimoja cha bati, cheupe chenye maua ya buluu, kinaning'inia kwenye msumari wake peke yake, mbali na vikombe vyao. Hicho ndicho changu! Akinimiminia chai ya maziwa huniambia, "Kunywa, mgeni wetu, usione haya." Sijawahi kunywa chai tamu namna ile.

Unajua nilikuwa na hofu moja tu. Nyumba ya watu wanaopenda nyama, nami sijaitia nyama mdomoni tangu kipaimara changu, siku mliyonipa ini kwenye sahani na nikalila nusu kabla sijaambiwa kwamba ni Shani, mbuzi wangu aliyekuwa ananisindikiza mpaka getini shuleni. Eliakim aliniahidi tangu nilipokuwa namuuzia chai pale Pasua, mjini Moshi: "Kwangu hutakula usichotaka." Na imekuwa hivyo! Jumamosi ukoo ulichinja mbuzi wa kunikaribisha. Baba mkubwa Thadeus ndiye hukata, na kila kipande kina mwenyewe, anaita na mtu anakuja kuchukua. Akaita, "Kidari, cha mke wa Eliakim!" Moyo ukaruka. Nikasimama nikasema kwa adabu kwamba mimi sili nyama, chai inanitosha. Mama akasema, "Basi apewe Theodora." Huyo ni binti wa jirani, mjamzito, hukaa kila mara karibu na Mama. Nikacheka, nikasema, "Apewe, ale kwa niaba yangu!" Watu wote wakanyamaza kidogo. Nadhani waliguswa.

Ni mimi mwanao mwenye raha,
Aikaeli, mke wa Eliakim
(nimeandika jina hilo mara nyingi nyuma ya karatasi nione linavyopendeza, usicheke)


Tarakea
19 Juni 2024

Mwanangu Aika,

Marahaba. Nilisema mahindi, si maharage. Masikio yangu ni mabovu lakini mdomo ni mzima.

Barua yako nimeisomea sokoni juu ya magunia. Nilicheka mpaka wanunuzi wakauliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye kidari nikaacha kucheka.

Nijibu bila mapambo. Huyo Theodora ni mke wa nani? Mimba ni ya nani? Na alipopokea kidari, alinyoosha mkono mmoja au miwili?

Usimwonyeshe mtu barua hii.

Shangazi yako,
Kornelia


Mkuu
7 Julai 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Maswali yako kama ya polisi wa mpakani! Haya. Theodora hajaolewa. Nilimwuliza Mama kwa upole baba wa mtoto ni nani, akasema, "Mtoto ni wa Mungu," basi nikaona haya, sikuuliza tena. Na alipokea kwa mikono miwili, tena alipiga goti kidogo. Ni msichana mwenye heshima sana.

Kihamba chao na chetu, migomba na kahawa za nyumbani, vimegawanywa kwa mstari wa mimea ya masale tu, na masale yenyewe yamekatwa pale katikati ili Theodora apite bila kuzunguka, maana tumbo linamlemea. Anaingia jikoni moja kwa moja. Anachochea moto, anaonja chumvi. Mama anasema amemlea tangu mdogo. Mimi nakaa kwenye benchi la karibu na mlango na kikombe changu, tunapiga soga wote watatu, yaani wao wanapiga soga kwa Kirombo na mimi nacheka wakicheka. Kichagga cha kwetu Machame na chao ni kama watu wa nchi mbili!

Wamenipa jina, Mama Chai. Hata watoto wa njiani wananiita hivyo. Kwa kweli najisikia nimependwa.

Eliakim alirudi kutoka mlimani midomo imepasuka kwa baridi, akaniletea jiwe dogo jeusi kutoka juu. Nimeliweka chini ya mto. Kuna wageni wengi msimu huu, kwa hiyo itabidi awe analala chumba chake cha Pasua ili awahi kazini. Nitamkumbuka mpaka niumwe!

Wako,
Aikaeli


Tarakea
1 Agosti 2024

Aika,

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta namna ya kukuambia polepole. Sijaipata, kwa hiyo nakuambia hivi hivi.

Katika ukoo ule nyama si chakula tu. Kipande ndicho kinachosema wewe ni nani pale nyumbani. Aliyepewa kidari amepewa moto wa jikoni, amepewa migomba, amepewa na mahali watakapomzika. Wewe ulidhani umekataa nyama. Umekataa nafasi yako mbele ya watu, kisha ukamtaja wa kuichukua. Ndiyo maana walinyamaza.

Mimi nina lawama yangu, nilikufundisha kupika na kutunza pesa, nikadhani hayo mengine utafundishwa na mume.

Hakuna anayekulazimisha kula. Si lazima nyama ipite kooni. Lakini wakichinja tena, pokea kwa mikono yako miwili, useme asante, halafu umpe hata paka. Muhimu iwe imetoka mkononi mwako.

Na kuhusu chai. Chai hupewa mtu anayepita. Mimi hapa nawapa chai askari wa mpakani kila siku, na siwapendi. Mwulize mama mkwe wako kikombe hicho alikitumia nani kabla yako.

Kornelia


Mkuu
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia imefunguliwa. Mama alisema bahasha ilichanika kwenye Fuso.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikasirika. Nisamehe, lakini wewe umeishi peke yako miaka mingi, unaona mabaya hata pasipokuwepo. Nilimwuliza Mama habari ya kikombe, akacheka tu, akaniongezea sukari.

Theodora amejifungua mtoto wa kiume! Mama amempikia mtori kila siku kwa mkono wake, na ukoo ukachinja mbuzi. Ukarimu gani huo kwa binti wa jirani! Mtoto wamempa jina la marehemu baba mkwe, Basili. Nilimwuliza Eliakim, akasema ni heshima tu ya majirani. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua uso.

Na nilitaka kufanya ulivyoniambia, ili uridhike. Lakini Mama alikuwa amenipa sinia nizungushe chai kwa wageni, na watu walikuwa wengi. Nilisikia Baba mkubwa anaita kidari, sikusikia ameita cha nani. Nilipogeuka Theodora alikuwa tayari anatafuna, na Mama anampangusa mafuta kidevuni kama mtoto.

Si kwamba niliumia. Kwani mimi nyama naitaka ya nini? Eliakim ananipenda. Alipokuja juzi alinishika mashavu kama zamani, isipokuwa alikuwa na haraka. Tafadhali, Shangazi, usiniharibie furaha yangu. Ndiyo tu niliyo nayo huku.

Aikaeli


Tarakea
4 Oktoba 2024

Aika mwanangu,

Sijakasirika. Kula vizuri, vaa sweta.

Na wewe Mama Margareta, unayeisoma barua hii kabla yake, habari za huko? Mafuso hayachani bahasha kwa kisu. Nimemlea mtoto huyu tangu kaka yangu alipofariki. Kama mna neno naye, mwambieni akiwa amekaa, kwa lugha anayoielewa. Au niambieni mimi. Siwezi kusikia, lakini kusoma naweza.

Kornelia


Mkuu
15 Oktoba 2024

Kwa Mama Kornelia, mkwe wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Asante kwa salamu. Huku mvua zinaanza, kahawa si mbaya.

Umeuliza kwa uwazi, nami nitajibu kwa uwazi. Binti yenu ni mtoto mzuri. Ana sauti nzuri na anacheka vizuri, hata kanisani kwetu wamemzoea. Simchukii hata kidogo. Lakini Theodora alichaguliwa na marehemu mume wangu, vihamba vyetu vinagusana, na alikuwa tayari na mtoto wa Eliakim tumboni siku Eliakim alipotuletea msichana wa chai kutoka Pasua na kusema ndiye huyu. Padri akafunga. Nani atafungua? Nilikuwa silali nikiwaza nitawaambia nini wazee.

Halafu binti yenu mwenyewe, mbele ya ukoo, akasema apewe Theodora. Sikumfundisha. Nilisikia mzigo umeshuka mabegani.

Pete ni ya kanisa, na hakuna atakayemvua. Kidari ni cha nyumba. Krismasi wote watakuwa wamerudi, kutoka Dar, kutoka Arusha, hata wa Mombasa. Kitaitwa kwa jina la mama Basili mbele yao, na baada ya hapo hakirudi. Huo ndio utaratibu wetu.

Binti yenu hatafukuzwa. Atakuwa na chumba. Atakuwa na chai asubuhi na jioni. Kile kikombe alichouliza, alikitumia mke wa shemeji yangu, zamani. Naye alikuwa mpole hivyo hivyo. Alikaa mpaka akachoka.

Wako katika Kristo,
Margareta


Pasua, Moshi
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Fredy amezima injini, ananisubiri, naandika juu ya gunia la vitunguu. Barua hii haitapita mikono mingine.

Nilimfuata Eliakim hapa Pasua bila kumwambia. Fredy alikuwa amenipa ile barua aliyokuandikia Mama, uliyomtuma aniletee, nikaisoma njiani nikairudia. Nikamwekea mezani. Alilia, Shangazi. Alisema alitaka kuniambia kabla ya arusi, kisha akaona aniambie baada ya arusi, kisha akaona mimi nina furaha. Anasema ananipenda. Namwamini, na hilo ndilo linalonitisha.

Nikamwambia, basi Krismasi simama wewe useme kidari ni changu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Akasema, "Aika, kaa tu kimya, mambo ya wazee hayo. Kwani wewe si nyama huipendi? Nilifikiri ni bahati, nimepata mtu ambaye jambo hili halitamuuma."

Ndivyo alivyosema. Bahati.

Nimekaa miezi yote hii nikinywa chai na kuwashukuru. Niambie la kufanya. Siku hizi hata maziwa ya ile chai yananinukia damu, lakini nayanywa, nikiacha wananiuliza kama naumwa.

Aikaeli


Tarakea
3 Desemba 2024

Mwanangu,

Fredy ameapa kukupa mkononi.

Siku ya kuchinja, Fuso litasimama chini ya kanisa tangu asubuhi mpaka saa kumi. Atapiga honi. Ukija na nguo ulizovaa tu inatosha. Kitanda chako kipo, meza ya chai nimeshakuombea sokoni karibu yangu, na huku utaitwa Aika, hutaitwa kwa jina la mume wala la kikombe.

Hiyo ni njia moja. Ya pili ni kula. Juni ungepokea tu na ingetosha. Sasa umeshakataa mbele ya macho, kupokea hakutoshi tena. Itabidi uchukue kabla mkono wa yule msichana haujafika, na ule pale pale wakikuona, wote, mpaka mfupa. Hapo hakuna mzee atakayeweza kusema hukula.

Sikuchagulii. Wewe ndiye unayempenda. Ila nakuambia hili kwa sababu mimi ndiye niliyekuwekea ile sahani ya kipaimara: nyumba itakayokulisha Shani mara ya pili, haitaishia hapo. Itakuja kudai kingine.

Nakusubiri barabarani.

Shangazi yako,
Kornelia


Mkuu
27 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Usimkasirikie Fredy. Alipiga honi, nilimsikia, na najua alisubiri kupita saa uliyomwambia.

Walikuwepo wote. Magari yalijaa mpaka barabarani, migomba ya mbele ikakatwa ili yapate nafasi. Majani yalitandikwa chini, Baba mkubwa Thadeus akapiga magoti na kisu chake, akaanza kuita. Mimi nilikuwa na sinia. Mama alikuwa amelijaza vikombe mpaka nisiweze kutoa mkono hata kujifuta jasho.

Akaita, "Kidari, cha mama Basili!"

Theodora akasimama, mtoto mgongoni. Hakuwa na haraka. Honi ya Fuso ikalia kule chini. Nikaliachia sinia. Vikombe vilivunjika vyote, chai ikawarukia watu wa Dar kwenye viatu, mmoja akapiga kelele, "We dada, vipi!" Nikapita katikati yao, nikapiga goti, nikanyoosha mikono miwili. Nikasema, "Baba mkubwa, mke wa Eliakim niko hapa."

Mama akasema kwa sauti yake ile nzuri, "Mwanangu, si wewe hunywa chai?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, kama nilivyozoea, na huku nakitoa kidari mkononi mwa mzee.

Nilikula nimesimama. Hakikuwa na chumvi. Mafuta yaligandia mdomoni, na kila nilipotaka kuacha nilimwona Shani yuko getini ananisubiri kengele ilie. Nilikula mpaka mfupa, nikauonyesha. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Baba mkubwa akafuta kisu kwenye jani, akasema, "Haya. Tumeona wote." Theodora akarudi kukaa.

Nilienda migombani nikatapika, hakuna aliyeniona. Nikafuta mdomo kwa jani, nikarudi.

Eliakim alinijia macho yamejaa machozi, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili mbele ya watu, akasema, "Nilijua unanipenda." Mikono yake ilinuka mafuta. Nilimtazama nikitafuta yule niliyekuandikia habari zake Juni. Nilitafuta vizuri, Shangazi. Nikamwambia akaoshe mikono.

Mama alinitazama muda mrefu. Halafu akatabasamu, na ndipo nilipojua kwamba siku zote zile hakuwahi kunitabasamia. Akasema, "Kumbe unaweza." Akainuka kwenye kigoda cha jikoni akanisogezea. Akaniambia kesho tukapande tena masale pale yalipokatwa, na kwamba Basili ni damu yetu atabaki huku, mama yake anaweza kuja kumnyonyesha. Alisema hivyo huku anachagua mchele, na mimi nikaitikia, "Ndiyo, Mama."

Usije kunichukua. Sasa moto ni wangu.

Jioni niliuchochea mwenyewe, nikachemsha chai. Theodora alikuwa amekaa kwenye benchi la karibu na mlango, ananyonyesha, macho chini. Kikombe cha maua ya buluu kilikuwa kwenye msumari wake, hakikuwa kwenye sinia. Nikakitoa. Nikamimina mpaka juu, nikatia sukari nyingi kama alivyokuwa akinitilia Mama, nikampelekea.

Nikamwambia, "Kunywa, mgeni wetu, usione haya."

Alinitazama, akanywa. Nikasimama pale nikimsubiri amalize. Kutoka uani harufu ya nyama ilikuwa inaingia ndani, na mimi, Shangazi, nilikuwa na njaa.

Mke wa Eliakim